Tulivua Makubazi Uani kwa Ofosuhene

Jumatatu, 2 Oktoba

Tumefika Nkwantanim asubuhi, mvua ikiwa imetutangulia. Tuko watatu. Daktari Konadu Asiamah, mwanamke mtaalamu wa siasa, ndiye kiongozi wetu na mwenye gari. Selorm Agbeko ni mchumi. Mimi ni mkalimani na, kwa maneno ya mkataba, mshauri wa mila. Chuo Kikuu kinataka kujua kwa nini wakulima wa kakao wanawaachia wachimba dhahabu mashamba yao. Siasa, uchumi na jamii vitachunguzwa kwa pamoja, katika mji mmoja, kwa msimu mmoja wa mavuno.

Mgeni hafanyi kazi katika mji huu kabla ya kupeleka vinywaji kwa chifu na kueleza kilichomleta. Chifu wa Nkwantanim alifariki mwaka jana na kiti chake bado ni kitupu. Hali ikiwa hivyo, vinywaji hupokewa na Mama Mkuu wa ukoo, Nana Abrafi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kumteua chifu mpya. Tuliambiwa amekwenda Kumasi kutibiwa macho. Uani pake tulimkuta mpwa wake, Ofosuhene, mfanyabiashara wa magari, ameketi na wazee wachache na msemaji mwenye fimbo.

Nilimwambia Daktari tusubiri.

"Hadi lini, Mzee?"

"Hadi mwenyewe arudi."

"Macho ya mtu mzima hayapangiwi tarehe. Tunamsalimu aliyepo nyumbani, basi. Hatumtawazi mtu."

Sikubishana naye zaidi. Tuliingia. Nilipokanyaga ua ule nilivua makubazi na kushusha begani nguo niliyojitanda, kama nilivyokuwa nikifanya hapo enzi za marehemu chifu, nilipofundisha shule ya mji huu. Selorm aliniangalia, naye akavua viatu. Daktari akafuata. Nilisema maneno yanayopasa, chupa mbili zikapokewa, na moja ikafunguliwa na kumiminwa chini kwa ajili ya wahenga. Ofosuhene alitushukuru sana. Alitushukuru kuliko thamani ya chupa zile.

Jumanne, 3 Oktoba

Tumepanga vyumba kwa Maame Afua Dufie, mjane mwenye shamba la kakao kando ya mto. Mchuzi wake wa mawese ni mzuri. Ulimi wake ni mkali.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mahojiano yamekwenda vizuri. Selorm anasema hajawahi kuona wakulima watulivu namna hii. Kila tunayemuuliza kama anahofia ardhi yake anajibu kwamba hana hofu, Ofosuhene ni mtu mwema. Maame Dufie naye alijibu hivyo hivyo, macho yakiwa kwenye chungu chake.

Mvua mchana kutwa.

Jumamosi, 14 Oktoba

Leo, tukiwa tunakula, spika ya sokoni ililia mpaka sahani zikatetemeka.

"Wananchi wa Nkwantanim! Nani bado ana shaka? Hata Chuo Kikuu kimemtambua Nana Ofosuhene! Maprofesa wamevua viatu! Wamempa vinywaji vyake!"

Daktari alicheka. "Maprofesa! Laiti mkuu wangu wa idara angesikia."

Mimi sikucheka. Nana huitwa chifu au Mama Mkuu tu. Mtu mzima hamsalimu mfanyabiashara wa magari kwa kuacha bega wazi. Bega huachwa wazi mbele ya chifu, na mbele ya chifu tu. Mwili wangu ulifanya uani pale ulichozoea kufanya, nami sikuuzuia, na mji mzima uliona.

Maame Dufie aliweka bakuli chini. "Mwalimu, watoto wetu uliwachapa kwa kukosea herufi moja."

"Niliwachapa."

"Sasa wewe nani atakuchapa?"

Selorm alidhani ni mzaha akacheka. Aliponiona uso, aliacha.

Ijumaa, 20 Oktoba

Katapila limeletwa kwa lori na kuegeshwa karibu na stendi. Ofosuhene ametia sahihi, akijiita chifu, kuwaruhusu wachimbaji kuingia kwenye mashamba ya kando ya mto, kwa kuwa ardhi ile ni ya kiti cha uchifu na mkulima ni mtumiaji tu. Wakulima watapewa kifuta jasho. Asubuhi Maame Dufie ameikuta miti yake imepakwa rangi nyekundu, shina kwa shina, na matunda yakiwa yameanza kuwa ya njano.

Nilikwenda naye kuona. Aliipangusa rangi kwa jani la mgomba. Haikutoka.

"Wakiingia kabla sijavuna, nimepoteza mwaka," alisema. "Wakiingia baada ya kuvuna, nimepoteza shamba. Mama yangu alilipanda akiwa na mimi mgongoni. Sasa nichague kipi, Mwalimu?"

Tulirudi, tope likitushika miguu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mvua haijakatika. Mbegu zilizokwisha kuvundikwa haziwezi kuanikwa na zinaanza kuota ukungu. Katapila linawashwa kila asubuhi, linanguruma kidogo, linazimwa. Dereva anasema analipasha moto. Watu wanaamshwa nalo.

Ijumaa, 3 Novemba

Leo tumegombana. Selorm ndiye aliyeanza.

"Daktari, tuseme ukweli. Tumekuja kupima moto, tumemwaga petroli."

"Hatujamwaga chochote. Mtu ametumia salamu zetu vibaya."

"Basi tuseme hadharani kwamba amezitumia vibaya."

"Tukisema hivyo tumeingia upande mmoja. Mtafiti akishaingia upande, nani atamwamini? Wewe mchumi, utaandika nini chini ya jedwali? Kwamba namba hizi zimekusanywa na wapinzani wa Ofosuhene?"

"Kwa sasa niandike zimekusanywa na wafuasi wake?"

Daktari aliondoka mezani. Nilimwona ni mtu wa haraka tangu siku ya kwanza, na leo nimemwona ni mkaidi vilevile. Nimeandika hivi nikiwa na hasira. Nitaacha yabaki yalivyo.

Jumatano, 8 Novemba

Siku ya ujima shambani kwa Maame Dufie. Kwa kawaida majirani hujaa, wanapasua matunda na kusimuliana mambo ya watu, kisha zamu inahamia shamba la mwingine. Leo walikuja wachache. Wengine walituma salamu kwamba mgongo unauma. Migongo ya Nkwantanim imeuma yote siku moja.

Selorm alichukua panga na kuketi kwenye lundo. Tunda la pili alijikata kidole gumba.

"Mume wangu!" Maame Dufie alipiga kelele. "Nilitaka kakao, sikutaka nyama!"

"Bibi, mimi ni mchumi, kazi yangu ni kuhesabu."

"Basi hesabu vidole, uone kama vimetimia."

Walicheka wote. Baadaye mmoja wa majirani, akiwa bado anapasua, aliniambia bila kuinua kichwa: "Mwalimu, usidhani tumewakasirikia wale ambao hawakuja. Wamemwona Ofosuhene amekaa na nyinyi. Wanajiuliza, kama chuo kimeinama, wao ni nani wasimame?"

Mchana mvua ilitufukuza. Tulifunika mbegu kwa majani ya migomba na kukimbia.

Jumatatu, 13 Novemba

Nana Abrafi amerudi. Aliniita kabla hajafungua mizigo. Nilimkuta amevaa miwani myeusi, jicho moja limefungwa bandeji. Nilisalimu.

"Bediatuo."

"Nana."

"Nimekwenda Kumasi siwezi kuona. Nasikia wewe, mwenye macho mawili, umemwona chifu katika ua wangu. Hebu niambie, alikuwa na sura gani?"

"Nana, nimekosa."

"Hilo najua. Sikukuita unifundishe ninachokijua." Aliagiza niletewe kiti, na hapo nilifahamu kwamba ukali wake umekwisha na jambo lenyewe limeanza. "Tarehe tano Desemba tunakwenda mbele ya Baraza la Machifu la wilaya. Ofosuhene atasema mji umemkubali, na atataja bega lako na chupa zenu. Wazee aliowapa pikipiki Baraza litawapuuza. Chuo Kikuu halitakipuuza. Nataka mtu wenu mmoja asimame aseme vinywaji vile havikuwa vya chifu."

"Nitasema mimi."

"Wewe ni mkalimani. Watakuuliza nani alikutuma useme. Nataka aje yeye, yule binti mwenye gari."

Kisha aliniambia lililobaki, bila kupamba. Baraza lina sheria yake. Kama vinywaji vile si halali, basi hatukuwahi kupewa ruhusa ya kuingia katika nyumba za watu, na yote tuliyosikia humo hatuna haki nayo. Tutayaacha. Hatutayachapisha, hatutayatumia, na tutatoa kondoo wa faini.

"Mwambie yote mawili," alisema. "Sitaki aje kwa kudanganywa."

Jumatano, 15 Novemba

Nimemwambia Daktari. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya kitanda.

"Mahojiano yote, Mzee?"

"Yote."

"Vinywaji vikiwa halali, Ofosuhene ni chifu na Maame anapoteza shamba. Visipokuwa halali, mimi sina utafiti."

"Ndivyo."

"Nina wanafunzi wawili, shahada zao zimo humo. Nimeomba fedha hizi mara nne kabla ya kuzipata. Unajua niliambiwa nini mara ya tatu? Kwamba utafiti wa namna hii unachanganya mambo mengi mno, nichague moja, siasa au mashamba." Aliinuka tena. "Siwezi kukuruhusu useme kwa niaba ya mradi. Mkataba unakukataza. Samahani."

Nilikuwa nimemhesabu kuwa mtu wa haraka na mkaidi. Leo niliona ni mtu mwenye hofu, na mtu mwenye hofu hafundishiki kwa kukaripiwa. Nilimwacha.

Jumanne, 21 Novemba

Ofosuhene ametutembelea. Amevaa nguo nzito, na nyuma yake kijakazi amebeba viazi vikuu na kanga wawili waliofungwa miguu.

"Wageni wangu," alisema, "nasikia mnakula kwa mjane. Mjane hana nguvu za kulisha maprofesa."

"Anatulisha vizuri," nilisema. Nguo yangu ilikuwa begani na makubazi yalikuwa miguuni.

Aliyatazama makubazi. "Mzee wetu siku hizi miguu inaona baridi."

"Inaona."

"Tarehe tano mtakuwa hapa, au mtakuwa mmesharudi chuoni? Naulizia tu kwa sababu ya barabara. Baada ya mvua hizi ina mashimo mabaya. Gari dogo kama lenu likitumbukia, hata kulitoa hawaji watu."

Daktari alimshukuru kwa viazi na kumwambia hatupokei zawadi kutoka kwa wahojiwa, ni kanuni ya chuo. Alisema kwa upole kabisa. Lakini funguo za gari alizifumbata nyuma ya mgongo, nami niliyekuwa nyuma yake niliziona.

Kijakazi alirudi na kanga wake.

Jumatano, 29 Novemba

Mvua imekoma ghafla. Upepo mkavu umeanza mapema mwaka huu, midomo inapasuka, vumbi limefunika milima. Ni hali njema kwa kuanika. Ni hali njema kwa katapila vilevile, maana ardhi imeshika.

Saa tatu asubuhi liliingia katika shamba la jirani, upande wa juu wa mto. Tulikwenda wote. Mti wa kakao haufanyi kelele kubwa ukianguka. Unalala na matunda yake. Dereva alikuwa amemaliza safu ya kwanza na kugeuza. Mwenye shamba, mzee mwenye kikohozi, alikuwa anapita nyuma ya mashine akichuma matunda kwenye miti iliyolala, anajaza kikapu, haraka haraka, kama mtu anayeokota nguo zilizoanikwa mvua ikija.

Daktari alikuwa na kinasa sauti mkononi. Hakukiwasha. Aliweka begi chini, akaenda kumsaidia yule mzee kuchuma. Selorm alifuata. Mimi nilishika kikapu.

Shamba la Maame Dufie ni la tatu kutoka hapo.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimemwambia Daktari kwamba kesho nitakwenda barazani, kuwe na mkataba au kusiwe.

"Gari linaondoka saa moja," alisema, bila kuniambia linakwenda wapi.

Jumanne, 5 Desemba

Lilikwenda barazani. Daktari aliendesha mwenyewe. Maame Dufie aliketi nyuma amevaa nguo nyeusi na nyekundu, nguo za msiba.

Ukumbi ulijaa. Machifu waliketi kwa daraja zao, mwenyekiti katikati, mtu mkavu mwenye sauti ndogo iliyowafanya watu wote wajiinamishe mbele kumsikia. Nana Abrafi alizungumza kwanza, kwa ufupi: kiti cha Nkwantanim ni kitupu kwa sababu yeye hajamteua mtu. Msemaji wa Ofosuhene alisimama akajibu kwamba Mama Mkuu ni mgonjwa, mji hauwezi kukaa gizani kwa sababu ya jicho la mtu mmoja, na kwamba watu wenyewe wamekwisha kuchagua. Akataja wazee. Machifu wawili walitazama dari. Kisha akasema:

"Na Chuo Kikuu. Watu wasomi, wasio na ukoo Nkwantanim, wasio na shamba, wasio na cha kupata. Wameketi leo humu. Waulizwe."

Mwenyekiti alituita. Nilianza kuinuka, Daktari akanishika mkono na kuinuka yeye. Msemaji alifurahi. Alimgeukia kwa heshima nyingi.

"Daktari, umefanya kazi Nkwantanim tangu Oktoba. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Umeingia katika nyumba za watu na kuwauliza maswali."

"Nimeingia."

"Mtu msomi kama wewe hawezi kuingia nyumba za watu bila ruhusa. Ulikuwa na ruhusa?"

Hapo nilielewa alivyoutega mtego wake. Daktari akijibu ndiyo, ataulizwa nani aliitoa. Daktari alikuwa amekunja karatasi mkononi, maneno aliyokuwa ameyaandaa, na hakuifungua.

"Sikuwa na ruhusa," alisema.

Msemaji alitabasamu kama mtu aliyesikia vibaya. "Daktari, labda swali langu halikuwa wazi."

"Lilikuwa wazi. Mwenye haki ya kutupa ruhusa hakuwapo. Mzee Bediatuo aliniambia tumsubiri, nikakataa kwa sababu nilikuwa na haraka. Vinywaji vyangu nilimpa mtu aliyekuwa amekaa pale. Angekaa mwingine ningempa huyo."

Watu waliguna. Mahali fulani nyuma mtu alicheka. Ofosuhene alimnong'oneza msemaji wake kwa hasira.

"Unafahamu," mwenyekiti aliuliza kwa sauti yake ndogo, "kwamba umesema maneno yanayokufunga wewe mwenyewe?"

"Nafahamu, Nana. Nilielezwa."

Ndipo nilipoinuka. Nilisema bega lilikuwa langu, hakuna aliyeniamuru, wala kutojua si udhuru wangu, maana nilijua. Mwenyekiti alinigeukia.

"Mwalimu, wewe ulinifundisha darasa la sita."

"Ndiyo, Nana."

"Kaa chini," alisema, na ukumbi mzima ukacheka isipokuwa mimi.

Uamuzi ulitolewa alasiri. Kiti cha Nkwantanim ni kitupu. Sahihi ya Ofosuhene si sahihi ya chifu, na mashine itoke kando ya mto hadi Mama Mkuu atakapoteua. Chuo Kikuu kitatoa kondoo mmoja na vinywaji vya kuomba radhi. Yote kiliyoyasikia katika nyumba za Nkwantanim hayatatumika.

Daktari aliinamisha kichwa akashukuru. Garini aliuliza kama kuna mtu anataka maji.

Jumatano, 6 Desemba

Asubuhi, mbele ya Nana Abrafi na wazee wawili, Daktari na Selorm wamefuta sauti zote na kuchoma madodoso. Moshi wake ulikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Selorm alikohoa na kusema ni vumbi la upepo.

Baadaye tuliketi uani kwa Maame Dufie, aliyekuwa anageuza mbegu kwenye jamvi. Daktari alimwambia anasikitika kupoteza maneno yake, kwamba yalikuwa ya thamani. Maame Dufie aliacha kugeuza.

"Maneno gani?"

"Uliyonijibu Oktoba."

"Binti yangu, yale yalikuwa uongo."

Daktari alimtazama.

"Uliniuliza kama nina hofu, nikasema sina. Uliniuliza Ofosuhene ni mtu gani, nikasema mtu mwema. Ulitaka nikujibu nini? Mmetoka uani kwake miguu haijakauka, mnakuja na kidude cha kunasa sauti. Mji mzima uliwadanganya. Tulikuwa tunaulizana kisimani, wewe umewaambia nini, ili tusipishane."

Selorm alifunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na kicheko kilimtoka vibaya. "Watulivu," alisema. "Daktari, niliandika ni watulivu."

Daktari hakucheka. Aliokota mbegu moja ya kakao na kuigeuza kiganjani. "Kwa hiyo ningechapisha uongo," alisema.

"Ungeuchapisha vizuri sana," alisema Maame Dufie, akarudi kwenye jamvi lake.

Jumamosi, 9 Desemba

Kondoo ametolewa. Nana Abrafi amepokea vinywaji, na Daktari akaomba ruhusa ya kuja tena mwakani na kuuliza upya tangu swali la kwanza. Nana alisema atafikiri. Jicho lake limefunguliwa bandeji, na alimtazama Daktari nalo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Alhamisi, 14 Desemba

Maame Dufie amepeleka magunia yake ya mwisho kwa mnunuzi. Miti imebaki na rangi yake nyekundu. Sisi tunaondoka kesho.

Leo katapila limepakiwa kwenye lori. Watoto walilishangilia hadi darajani. Halikwenda Kumasi. Limevuka mto na kushushwa ng'ambo, katika mji wa Abetema, na kufikia adhuhuri tulikuwa tunalisikia kutoka uani kwa Maame Dufie, halipashwi moto tena, linafanya kazi. Selorm alikwenda kuuliza. Alirudi akaketi ngazini, vumbi limemjaa nyusi.

"Mzee, huko hakuna kesi," alisema. "Chifu aliteuliwa na Mama Mkuu wao, akatawazwa mbele ya Baraza, na ametia sahihi yeye mwenyewe. Kila kitu kimefuata utaratibu."

Nimeirudia sentensi hiyo tangu alipoisema, na sijaona kosa ndani yake.